Vyuma vya Vita Ndani ya Chungu

Watu wa hapa wanasema nina chungu cha uchawi. Siku hizi wanasema waziwazi, maana wanadhani masikio yangu yamekufa kabisa. Chungu chenyewe ni cha kawaida. Nilikifinyanga kwa mikono yangu kule Matema kabla sijaolewa, kikubwa cha kutosha pombe ya arusi, ila ndani hamna pombe. Mna msumeno wa kukatia mifupa ya watu, makoleo mawili ya kuchomolea risasi, kikombe chenye mdomo mrefu cha kumnyweshea majeruhi aliyelala, sindano zilizopinda, na mkanda mmoja wa ngozi wenye skrubu ya shaba. Vyote ni vyombo vya waganga wa vita vya zamani vya Wazungu, vita vilivyopiganwa kabla mimi sijazaliwa. Watoto wakipita mlangoni kwangu wanatimua mbio. Haya, wakimbie. Nimekwisha zoea kula peke yangu.

Naandika kwa Kiswahili, ingawa si lugha ya mama yangu. Mama alinilea kwa Kikisi, na ukweni nikanyamazishwa kwa Kinyakyusa. Kiswahili nilikiokota bandarini Mwaya, kwa mabaharia na askari wa wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani. Jambo hili nimejaribu kulisema kwa lugha ya kwanza na ya pili, likanikwama kooni. Labda kwa lugha ya wapita njia litatoka.

Aliyeanza kukusanya vyuma hivi alikuwa Mdachi mmoja mzee, mwembamba, aliyekaa peke yake karibu na Mwaya. Hakuwa mmisionari wala ofisa. Ujanani kwake alibeba majeruhi katika vita vya watu wake na Wafaransa, na nadhani sehemu ya akili yake ilibaki hukohuko. Wenzake walikusanya pembe, ngozi na vipepeo. Yeye alikusanya vyombo vya waganga wa vita, na kadiri vilivyokuwa vikuukuu ndivyo alivyovipenda. Meli ikileta kifurushi chake alikaa kizingitini akakifungua taratibu, halafu akakaa na kile chuma mapajani jua lote la alasiri. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumwonyesha.

Mimi nilikwenda kwake kuuza vyungu. Sisi wanawake wa Kikisi tulikuwa tukipakia vyungu mitumbwini Matema, tukavibadilisha kwa nafaka upande wa tambarare. Mzee akataka vyungu vya mdomo mpana vyenye vifuniko vya kubana, kwa sababu unyevu wa ziwa ulikuwa unakula vyuma vyake. Nikacheka. Nikavifinyanga hata hivyo. Alipoona vinafaa akaniuliza kama naweza kuja kila nipitapo Mwaya kuvisugua vyuma kwa majivu na kuvipaka mafuta ya nyonyo. Ndivyo nilivyoanza.

Siku ya kwanza kabisa nilimshangaza. Kulikuwa na kijiti kirefu chenye tone jeupe nchani. Nikalipiga kwa ukucha, nikamwambia hilo ni udongo uliochomwa, tena umechomwa na fundi. Akanitazama kama aliyesikia mbuzi anaimba. Kisha akanieleza: kijiti huingizwa kwenye jeraha, tone likigusa mfupa linarudi jeupe, likigusa risasi linarudi na doa jeusi. Tangu hapo hakuniita mama muuza vyungu. Akanieleza kila chombo, kimekata nini, kimeshona nini, na mimi nikavijua kama ninavyojua udongo mzuri na udongo mbovu.

Basi ugonjwa wake ukaniambukiza. Alikuwa amesikia kwamba katika vita vya wauza watumwa, upande wa Karonga, masanduku ya waganga wa Kizungu yalipotea na vitu vyake vikatawanyika pwani nzima ya ziwa. Yeye miguu ilikuwa imechoka, mimi nina mtumbwi. Nikawa natafuta. Yaani watu ni watu! Koleo la risasi nililikuta kwa mvuvi anayelitumia kutolea ndoana kinywani mwa kambale. Akaniuliza nalitakia nini. Nikamwambia la kutolea risasi mwilini. Akacheka mpaka mtumbwi ukataka kupinduka, akasema kambale wake hawajaanza kupigana. Kikombe cha majeruhi nilikikuta kwa bibi mmoja anayemnyweshea mwanambuzi yatima. Kila kitu nilikibadilisha kwa chungu, na kila mmoja aliniona mimi ndiye mjinga.

Ule mkanda niliupata nyumbani Matema, kwa mchonga mitumbwi. Alikuwa ameuzungusha kwenye mtumbwi uliopasuka, anageuza skrubu ili ufa ujifunge, huku yeye akishona. Ngozi ilikuwa imebadilishwa, lakini shaba ilikuwa ileile ya michoro ya vitabu vya mzee. Nilimfinyangia vyungu vitatu ndipo akaniachia. Mzee alipouona alilia. Sikuwahi kumwona mwanamume mzima akililia kipande cha shaba, nikageuza uso nikajifanya natafuta majivu.

Baadaye akaufunga kwenye mkono wangu, juu ya kiwiko, akageuza kishikio cha skrubu. Mkono ukajaa, ukafa ganzi, mshipa wa kifundo ukanyamaza. Akasema hivi ndivyo damu inavyozuiwa mtu akipigwa risasi mguuni au mkononi. Kisha akanishika kidole na kunitazama sawasawa.

"Kukaza kila mtu anaweza," alisema. "Mganga ni yule anayejua kulegeza."

Akaeleza kwamba kila baada ya muda wa kuchemsha chungu cha ndizi lazima ulegeze kidogo, mguu unywe damu, kisha urudishe ikiwa jeraha bado linavuja. Usipofanya hivyo, nyama hufa mwenye nyama akiwa hai. Nikarudia maneno yake yote. Niliyarudia vizuri sana.

Nikaolewa Ndandalo, kwa Wanyakyusa. Sasa hapa lazima nieleze, maana anayesoma huenda kwao si hivyo. Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe. Hamtazami, hakai alipo, hazungumzi naye, wala hamtaji jina. Vijana walijenga kijiji chao na wazee wakakaa chao, na bado ukimwona mkwe njiani unaingia migombani na kujifunika. Wasichana wa kwao walikua nayo heshima hiyo, wakajua pa kuilegeza kidogo pasipoonekana. Mimi nilikuwa Mkisi, binti wa wafinyanzi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mawifi walikuwa wananitazama kila hatua wapate kusema, si mnaona, wa ziwani hawana adabu. Nikasema moyoni, hamtanipata. Nikamheshimu baba mkwe kuliko walivyomheshimu wao wote.

Naye alikuwa mtu mwema. Nilimjua kwa kikohozi. Akija upande wetu alianza kukohoa kutoka mbali, mara mbili, akasimama, nipate nafasi ya kuondoka nilipo. Wakwe wengine walikuwa wanatokea ghafla makusudi waone mke wa mwana anavyohangaika, wakacheka. Yeye kamwe. Pengine nilikuta mkungu wa ndizi au kambale wawili wameachwa penye njia yangu ya maji, na nikajua ni yeye. Nikipita karibu na nyumba yake na mzigo wa kuni nilikuwa naangusha kipande kimoja nyuma ya ukuta, kama bahati mbaya. Miaka sita tuliishi hivyo. Mume wangu alikuwa mkali na mwenye safari nyingi, na wakati mwingine niliona mtu pekee aliyenihesabu kuwa mtu alikuwa yule ambaye sijawahi kuona uso wake.

Mimba mbili ziliniharibikia. Wanawake wakasema labda nilimtazama mkwe bila kujua, maana anayevunja heshima hiyo tumbo lake halishiki. Nikazidi kujifunika.

Vita vikaja ziwani. Mzee wa Mwaya alipelekwa juu milimani pamoja na Wazungu wenzake, na kabla ya kwenda alinitumia vyuma vyote, vimefungwa ndani ya vyungu vyangu mwenyewe, na neno moja tu: nivifiche. Sikumwona tena. Nikavifukia nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Mume wangu akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Naye pia sikumwona tena, lakini wakati huo sikujua, nilikuwa bado namsubiri. Nilikuwa na mimba ya tatu.

Siku Waingereza walipovuka mto Songwe, baba mkwe alikuwa ameshuka kule bondeni kuwaondoa ng'ombe wake. Hakuwa askari wa mtu. Risasi ikampata mguu wa kulia, chini ya goti, wenzake wakambeba hadi nyumbani huku damu ikimwagika njia nzima. Mama mkwe akatuma mtu kwangu mbio. Alijua habari za vyungu vilivyofukiwa, na alijua nilikuwa nimefundishwa na Mzungu.

Nikafukua, nikachukua mkanda, nikakimbia. Lakini nilipofika nilikwenda nyuma ya nyumba. Nyumba ilikuwa ndefu, ya mianzi, ubavu mmoja umeelekea milimani na mwingine ziwani. Mimi nikakaa nje, upande wa milimani, ndani ya migomba, nikamwita mama mkwe kwa sauti ndogo kupitia ukutani. Akaniambia baba amelazwa chali, kichwa kwenye ukuta wangu, miguu kuelekea ziwani. Nikampitishia mama ule mkanda mlangoni, uso nimefunika, nikarudi mahali pangu.

Nikamwelekeza afunge juu ya goti, skrubu ikae upande wa nje wa paja. Sasa namna ya kugeuza. Kulia na kushoto vinachanganya watu wakitenganishwa na ukuta, na sisi huku njia zote tunazitaja kwa mlima na ziwa. Nikamwambia: ncha ya juu ya kishikio ikienda mlimani, unakaza. Ikienda ziwani, unalegeza. Akarudia. Akakaza. Nikasikia watu wote mle ndani wameshusha pumzi, na mama akasema damu imesimama.

Niliona fahari, siwezi kukataa. Mawifi walikuwemo mle ndani. Nikasikia mmoja anasema, kumbe huyu wa ziwani!

Muda wa chungu cha ndizi ulipopita nikamwambia mama alegeze. Akageuza kuelekea ziwani, akasema damu inachungulia. Nikamwambia ahesabu pumzi kumi, arudishe mlimani. Tukafanya hivyo mara mbili. Yote yalikwenda kama alivyosema mzee wa Mwaya.

Alasiri nikasikia mikwaruzo ndani, watu wanaburuta kitu. Nikadhani wanabadilisha mkeka uliolowa. Sikuuliza.

Kisha nikamwambia mama, legeza. Akasema, nimegeuza ziwani. Damu je? Akasema haitoki hata tone. Nikamwambia ahesabu pumzi kumi. Akahesabu. Hata tone. Mungu wangu, nilivyofurahi! Nikajua mshipa umejifunga wenyewe. Nikamwambia asirudishe mlimani, ila kila baada ya muda azidi kulegeza kidogo kidogo, mkanda ubaki tu pale kwa tahadhari. Naye akafanya hivyo, mama wa watu, jioni ile na kesho yake kutwa. Ziwani, ziwani, ziwani. Kila mara nilimwuliza kupitia ukuta, na kila mara alinijibu kwamba damu imekubali. Mle ndani wakaanza kuzungumza kwa sauti za kawaida. Nilisikia hata kicheko.

Baba hakulalamika. Alikohoa mara mbili tu, kile kikohozi chake, na mimi kule migombani nikakiitikia moyoni.

Asubuhi ya siku ya tatu mama mkwe alitoka nje akanijia. Uso wake haukuwa na kicheko. Akasema mguu umekuwa baridi kama jiwe la mtoni, na kuanzia kidoleni hadi gotini umebadilika rangi. Akasema baba amesema neno, na ameniagiza nilisikie kama alivyolisema.

"Mwambie mke wa mwanangu aingie auangalie mguu. Mimi nitafunika uso wangu."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimejitetea kwa kila njia. Nimesema nilikuwa kijana. Nimesema mawifi walikuwa wamesimama mlangoni wananitazama, nami nilikuwa nimejenga jina langu miaka sita kwa kutomtazama mtu yule. Nimesema nilikuwa na mimba ya tatu na sikuwa na nguvu ya kupoteza nyingine. Yote ni kweli. Na ni kweli pia kwamba mwenye heshima yake ndiye aliyeniruhusu, akajitolea kuuficha uso wake mwenyewe ili mimi nisivunje kitu. Heshima si utumwa, husema watu. Ningewauliza, basi nini?

Nilimwambia mama, siwezi. Nikainama, nikajifunika, nikaondoka kwa mbio katikati ya migomba mpaka nyumbani kwangu, nikafunga mlango.

Mtoto yule alizaliwa mzima. Ni binti, ameolewa ng'ambo ya Songwe, ana watoto wake, na haji. Nikimtazama nilikuwa nikiona alichogharimu, na mtoto huona jambo kama hilo hata usipomwambia. Sijui niseme nini zaidi juu yake.

Alasiri ya siku ile ya tatu wakaja kuniita. Baba amefariki, na ule mkanda hakuna anayeweza kuufungua, skrubu imegoma. Hawawezi kumzika na chuma cha Kizungu mguuni. Na heshima ile haimhusu maiti, wakasema, sasa unaweza kuingia.

Nikaingia mle ndani kwa mara ya kwanza. Kitu cha kwanza nilichokiona ni miguu yake. Ilikuwa pale ukutani kwangu, upande wa milimani. Kichwa kilikuwa upande wa ziwa.

Nikauliza, kwa nini amelala hivi? Wifi mmoja akajibu kwamba baba mwenyewe ndiye aliyetaka, alasiri ya siku ya kwanza. Alisikia sauti yangu karibu mno na sikio lake kupitia mianzi, akasema si vizuri, mke wa mwanawe asilazimishwe kukaa kichwani pake. Wakamgeuza mzimamzima. Hawakuniambia, kwa maana jambo la heshima halitangazwi.

Nikasimama hapo. Mtu alikuwa amegeuzwa, na skrubu ikageuka pamoja naye. Ziwa lilibaki palepale. Tangu alasiri ile, kila mama alipogeuza kuelekea ziwani alikuwa anakaza.

Nikapiga magoti. Skrubu ilikuwa imefika mwisho wa nyuzi zake, ngozi ya mkanda imezama nyamani, imefunikwa na uvimbe. Ilinibidi nitie mafuta na kutumia mikono yote miwili. Niliifungua kuelekea mlimani, mzunguko baada ya mzunguko, na kila mmoja niliukumbuka, kwa sababu kila mmoja niliuagiza mimi.

Uso wake ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa. Nikadhani wamemfunika kama wanavyofunikwa wafu. Mama mkwe akasema hapana, hakuna aliyemfunika. Alijifunika mwenyewe asubuhi ile, alipotuma niitwe, na hakukubali kitambaa kiondolewe. Alikuwa anasema, subirini, huenda bado anakuja.

Sikukiondoa. Mpaka leo sijui alifanana na nani.

Nilipoinuka na mkanda mkononi, mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu. Alinitazama mimi, mwanafunzi wa Mzungu, kama mtu anayetazama hakimu.

"Mwanangu," akasema, "nilikosea wapi?"

Ningeweza kumwambia. Mawifi walikuwepo, wangesikia, na nusu ya mzigo ungebaki mle ndani. Nikaufunga mkanda ndani ya kanga yangu.

"Hukukosea, mama," nikamjibu. "Ulifanya kama nilivyokuambia."

Akanishika mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akanishukuru kwa lugha yao: ndaga, ndaga fijo.